Mwanangu alikaa shuleni bila kutoa neno hata moja, mpaka dokta wa kwenye kioo alipoingia: yaliyotukuta Kibondo

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi, na Waha wenzangu wote mliojificha humu, mwidiwe!

Mimi ni msomaji wa siku nyingi. Huwa napita kimyakimya, nacheka kwenye nyuzi za watu, naondoka. Leo imebidi nifungue uzi wangu mwenyewe.

Juzi kuna mdau aliuliza humu kuhusu mtoto wake ambaye nyumbani anaongea vizuri, akifika shule hasemi kitu. Nikasoma majibu. Wapo waliosema achapwe. Wapo waliosema kuna mkono wa mtu hapo. Mmoja akasema ni deko, akikua ataacha. Mikono ikaniwasha.

Haya ninayosimulia yamenitokea mimi na familia yangu. Majina nimebadilisha, shule siitaji, ila kisa chenyewe sijakiongeza chumvi. Kina chumvi yake ya kutosha.

Halafu niweke wazi mapema: mimi ni mke wa mtu, na huyo mtu naye yumo humu na anasoma. Inbox mkae mbali.

Haya twende.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu hapa Kibondo mjini. Mume wangu anauza spea za baiskeli na pikipiki. Kwao ni Kasulu, ukoo wa wenye maduka, babu yao alitokea Tanga akaja na biashara ya nguo akanogewa na baridi ya huku. Tuna watoto wawili. Mdogo bado ananyonya. Mkubwa ni wa kike, tumwite Shani, na wakati haya yanaanza alikuwa darasa la kwanza.

Sasa Shani wa nyumbani, wakuu, ni redio isiyozimwa.

Akiamka anaanza. Anaongea na kuku, anaongea na mdogo wake, anabishana na mtangazaji wa mpira. Baba yake akijaribu kuongea Kiha chake cha kuunga, Shani anamsahihisha mbele ya wageni. Mimi nikiwa na kazi za watu za haraka nilikuwa namtuma dukani kwa baba yake ili tu nipumzishe masikio.

Kwa hiyo elewa nilivyoshtuka.

Siku hiyo nilipita shuleni kupeleka sweta, maana asubuhi za huku mnazijua, ukungu mpaka saa nne. Mwalimu wake wa darasa, tumwite Mwalimu Evodia, mdada mpole sana, akanivuta pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kunikwaza.

"Mama Shani, samahani nikuulize. Huyu mtoto alizaliwa hivi, au aliugua?"

"Alizaliwa hivi vipi, mwalimu?"

"Bubu."

Wakuu, nilicheka. Nilicheka kabisa, nikajua kanichanganya na mzazi mwingine. Nikamwambia mwalimu, Shani huyu wangu? Huyu ninayemwomba anyamaze nipate usingizi?

Mwalimu hakucheka. Akasema tangu shule ifunguliwe hajawahi kusikia sauti yake. Akiitwa jina kwenye mahudhurio anainua mkono tu. Akiulizwa swali anaangalia chini. Anaandika vizuri, hesabu anapata, lakini sauti hakuna. Wenzake walishamzoea, wanamjibia wao: "Mwalimu, huyo haongeagi."

Tukaenda wote mpaka darasani. Nikamkuta mwanangu ameketi dawati la pili, mgongo umenyooka kama amefungwa ubao, uso hauna kitu. Nikamwita. Akaniangalia. Nikamwuliza, "Sweta hili hapa, baridi unasikia?" Midomo haikutikisika. Macho ndiyo yalikuwa yanasema, na yalikuwa yanasema mama usinifanyie hivi hapa.

Jioni nikamfuata. Tukatembea kimya mpaka tulipovuka ile mikaratusi ya mpakani mwa shule. Tulipoiacha tu nyuma, akavuta pumzi, akafungulia bomba.

"Mama, kwa nini sweta la kijani? Mimi nilitaka la bluu. Na Jeni ameumwa na nyuki. Na leo tumechora ng'ombe lakini wa kwangu alikuwa na sura ya babu..."

Nikasimama njiani namwangalia. Nikahisi nina watoto wawili ndani ya mwili mmoja.

Basi tukaanza kuhangaika.

Baba yake akasema ni kiburi, kisha akajifikiria, akasema labda ni aibu. Nikamwahidi Shani mdoli akimjibu mwalimu swali moja tu. Alilia usiku mzima akisema, "Mama, nataka mdoli lakini siwezi." Neno lile siwezi nilipaswa kulisikia vizuri zaidi, ila wakati ule sikulielewa.

Mama mkwe wangu, ambaye wajukuu wote wanamwita Bibi Kasulu, aliposikia hakungoja kuambiwa mara mbili. Alipanda gari asubuhi, mchana yuko kwangu na kikapu chake. Uamuzi alikuwa nao tayari: mtoto ameshikwa ulimi. Tukampeleka kwa shehe mmoja mtu mzima, mstaarabu sana. Akamsomea dua, kisha akatugeukia akasema, "Dua nimefanya na nitaendelea kuifanya. Lakini nendeni hospitali pia, msikae." Mungu ampe umri mrefu yule mzee.

Zahanati wakaangalia koo, wakaangalia masikio, wakaangalia ulimi. Kila kitu kizima. Mganga wa pale akasema kwa ukweli kwamba mambo haya yanahitaji mtaalamu wa afya ya akili ya watoto, na kwa huku hayupo. Wa karibu ni safari ya kulala njiani. Na si kwenda mara moja, ni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

Sasa ngoja niwaambie siku iliyonivunja.

Shani akiwa ameingia darasa la pili, aliamka mzima akaenda shule. Katikati ya masomo homa ikampanda. Mtoto mwingine angesema mwalimu naumwa, akapelekwa. Wangu hakuweza. Alikaa pale anatetemeka, anajikunja, na kwa vile kila siku yupo kimya hakuna aliyeona tofauti. Mpaka walipotoka mstarini mchana akaanguka.

Ilikuwa malaria, tukaiwahi, akapona. Lakini nilipomuuliza kitandani kwa nini hakumwambia mwalimu, alinijibu hivi: "Nilikuwa nasema ndani, mama. Nilisema sana. Haikutoka."

Nikaenda nje nikalia nyuma ya jiko, nisimwongezee mzigo.

Na hapo ilikuwa inakuja upimaji wa darasa la pili, ambapo mtoto anasoma kwa sauti mbele ya mwalimu. Asiyesoma kwa sauti anahesabika hajui kusoma. Kwenye kikao cha shule mtu mmoja alishasema mtoto huyu ahamishiwe shule yenye kitengo cha wasiosikia. Wakati anasikia mpaka tunayonong'ona chumbani!

(Baba Shani, najua unasoma. Nyamaza.)

Basi, kipindi hichohicho mkuu wa shule akaitisha mkutano wa wazazi. Akasema shule yetu imeingizwa kwenye mpango wa matibabu kwa njia ya mtandao. Kile chumba kidogo walichokuwa wanawekea majembe na mahindi ya uji kimepakwa chokaa, juu imefungwa sola, ndani kuna laptop na skrini kubwa. Nesi wa zahanati atakuwa anakuja kila Jumatano, na mtaalamu aliye hospitali ya mbali ataongea na watoto kwa video. Homa, ngozi, masikio, na pia mambo ya tabia na hisia za watoto.

Mkutano ule, wakuu, ungeuziwa tiketi.

Mzee mmoja akasimama akauliza, "Sindano inapitaje humo?" Mama mwingine akataka kujua kama yule dokta akimwona mtoto, anaona na nyumbani kwake mpaka chumbani. Kuna aliyesema watoto wetu watapigwa picha wakauzwe. Mkuu wa shule akajibu moja moja kwa uvumilivu wa ajabu, akaeleza kwamba mzazi asipotaka mtoto haingii, na mzazi anaruhusiwa kukaa humo ndani muda wote.

Mimi sikuuliza kitu. Nilikuwa wa kwanza kwenda kumshika mkono.

Jumatano ya kwanza. Mimi, Shani, na nesi. Skrini ikawaka, akatokea mwanamke wa makamo, miwani, mtandio wa njano. Tumwite Dokta Salma. Lafudhi ya pwani kabisa, maneno yanateleza.

Nilitegemea aanze, haya mwanangu, jina lako nani? Wote huanza hivyo, na ndiyo hapohapo mlango unapofungwa.

Hakumuuliza kitu. Hata kimoja.

Akasema, "Shani, mimi naitwa Salma. Leo sina swali na wewe. Nataka nikuonyeshe mkorofi mmoja." Akainama, akainuka na paka. Paka mnene wa rangi ya chungwa, akapita mbele ya kamera, mkia ukaziba skrini nzima. Dokta akaanza kumgombeza yule paka. Shani akainama, mabega yakatikisika. Alikuwa anacheka bila sauti.

Baadaye nesi akamtoa nje, tukabaki mimi na dokta. Nikamweleza yote, mpaka ile nilisema ndani haikutoka. Akavua miwani.

"Mama Shani, mwanao si bubu, hana kiburi, na hajarogwa. Ana hofu. Hofu yake inakaa kooni. Akiwa na nyie koo liko wazi, akiingia shuleni linajifunga, na ufunguo hana yeye. Sisi tunaita ukimya wa kuchagua, lakini jina lenyewe linadanganya. Hajachagua."

Nikamuuliza kama inatibika. Akasema ndiyo, kwa watoto wengi, tena hasa tukianza mapema, ila ni kazi ya polepole na dawa kubwa ni sisi wenyewe.

Kisha akasema jambo ambalo nataka kila mzazi humu alisikie. "Ungemleta kwangu hospitali, pengine ningemzoesha kuongea na mimi. Sasa mimi ataishi na mimi? Hofu yake ipo hapo shuleni. Tuifuate hapohapo ilipo."

Masharti yake yalikuwa machache. Asichapwe. Asilazimishwe. Asiahidiwe zawadi. Na siku akitoa neno, tusishangilie. Hapo nilimkatalia kabisa, nikamwambia dokta, mimi ni Muha, nitapiga vigelegele tu. Akacheka, akasema, "Meza vigelegele. Akiona mmeshtuka, ataogopa kurudia."

Kazi ikaanza.

Baada ya masomo, watoto wakishatawanyika, mimi na Shani tunaingia kile chumba, tunafunga mlango, tunacheza mdako. Mnaujua, kokoto na shimo, unarusha juu unadaka. Mchezo wenyewe unataka kuhesabu. Dokta siku za Jumatano alikuwa hewani, kamera yake kaizima. Alimwambia Shani wazi kabisa: "Nitakuwepo, nitasikia, ila uso nitaufunika na sitasema kitu. Ukitaka nitoke, gonga meza nitatoka." Hakumficha mtoto.

Mwanzo tulicheza kama mabubu wawili. Ananionyesha kwa kidole.

Siku nyingine akaninong'oneza sikioni, "Mama, umeiba kokoto."

Ndani ya eneo la shule! Nilihisi sikio limeota moto. Nikameza vigelegele kama nilivyoagizwa, nikajibu, "Sijaiba, imeanguka." Tukaendelea kugombana kwa kunong'ona. Siku zilivyosogea mnong'ono ukapata mwili, ukawa sauti ndogo, halafu sauti yake kabisa, ile ya nyumbani ya kesi na madai.

Ndipo dokta akamwingiza Mwalimu Evodia. Kidogo kidogo, kama unavyomzoesha kuku mgeni kwenye banda. Kwanza mwalimu alikaa nje barazani anachambua maharage, mlango umefungwa. Kisha mlango ukaachwa wazi kidogo. Kisha akakaa mlangoni, katupa mgongo. Kila akisogea, sauti ya Shani inapungua, tunasubiri, inarudi. Mwalimu yule ana watoto darasani wa kujaza kanisa, na bado alikuwa anakuja kukaa na ungo wake bila kulalamika. Mume wangu alisema tumfanyie nini, nikamwambia nitamshonea gauni, na nilimshonea.

Sasa ije ile Jumatano.

Mwalimu Evodia alikuwa kashafika ndani, kakaa kwenye kiti kona ya chumba, anajifanya anasahihisha madaftari. Dokta alikuwa kafungua kamera, Shani alishazoea kumwona. Nje mvua inajikusanya. Na mvua za huku zikijikusanya tu, network inaanza kuaga.

Dokta akawa ananieleza jambo, mdomo kaufungua wazi, macho kayafumba nusu, na mtandao ukakatika palepale. Akaganda. Skrini nzima ni mdomo wa dokta, kama mtu aliyepigwa na chafya ikagoma kutoka.

Mimi nikajikaza. Nesi akajikaza.

Shani akaitazama ile skrini. Akatutazama. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha tumbo, na juu yake kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto:

"Mama! Dokta ameganda! Oya, angalia meno!"

Kokoto mkononi zimenilowa jasho. Mwalimu Evodia kainamia madaftari, kalamu imesimama, sikio lake naliona limetegwa kutoka huku nilipo. Alikuwa hajawahi kuisikia sauti kamili ya mwanafunzi wake wakiwa chumba kimoja. Hii ndiyo mara ya kwanza.

Akajikaza yule dada. Akasema bila kuinua uso, kama jambo la kawaida kabisa, "Kweli, ameganda. Mtandao wa mvua huo."

Na Shani akamjibu.

"Ego, mwalimu. Ni mvua."

Akamjibu, wakuu. Ego yetu ya Kiha, yaani ndiyo, na Kiswahili, vyote ndani.

Mwalimu akafunga daftari taratibu, akasema anakwenda kuanua nguo zake. Akatoka. Mimi dirisha lilikuwa mbele yangu. Nikamwona amefika nyuma ya jengo, anadhani hakuna anayemwona, akatupa madaftari chini kwenye nyasi akaanza kurukaruka, mikono juu, mvua inamnyeshea. Nguo za kuanua hakuwa nazo. Shule nzima haina kamba ya nguo.

Dokta aliporudi hewani tukamsimulia. Akageuza kamera ikatazama dari kwa muda. Nadhani alikuwa anafuta macho. Akarudi, akasema, "Basi kuanzia leo nitakuwa naganda kwa makusudi."

Msidhani ilikuwa mteremko tu kuanzia hapo. Tulirudi nyuma, tena vibaya.

Idi tulikwenda Kasulu. Nyumba ya Bibi imejaa, mashangazi, wajomba, watoto kila kona, pilau linanukia mpaka barabarani. Bibi Kasulu alishasikia kwamba mjukuu kaongea shuleni, na furaha ikamzidi. Akamsimamisha Shani katikati ya sebule.

"Haya mjukuu wangu, hebu waongelee wasikie! Si umefunguka?"

Watu wote wakageuka. Nikamwona mwanangu anaganda, mgongo ukanyooka, uso ukafutika. Safari hii hata njiani kurudi Kibondo hakusema. Na kwenye chumba cha Jumatano alikaa na kokoto zake bila kunong'ona. Tulikuwa tumerudi kule tulikoanzia, na upimaji unakaribia.

Nilimpigia Bibi nikiwa na hasira, ila yeye ndiye alianza kulia. Akasema, "Mwanangu, nilitaka watu waone nilivyobarikiwa." Hasira ikaniisha. Nikamweleza dokta. Dokta wala hakutikisika. Akasema, "Mlete huyo bibi. Mtu anayempenda mtoto kiasi hicho namhitaji."

Bibi akaja. Alivaa kanga mpya na mkufu wake wa dhahabu, kama anakwenda kuposa. Akaingia chumbani, akasimama mbele ya skrini, akainama kuchungulia nyuma ya laptop, aliporidhika akasema:

"Asalaam aleikum humo ndani."

"Waaleikum salaam, mama. Karibu, shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Mimi kwetu Pangani, mama."

Eeh! Bibi akavuta kiti. Marehemu babu wa ukoo wao si alitokea hukohuko Tanga? Wakaulizana koo, wakaulizana mitaa, nesi akawa anaangalia saa. Walipomaliza, dokta akampa kazi moja tu. Kila jioni ampigie Shani simu amhadithie kisa. Chochote. Lakini asimuulize swali hata moja, hata hujambo.

Bibi akaruka. "Nisimjulie hali mjukuu wangu?"

"Usimjulie, mama. Mpe maneno, usimdai maneno."

Kwa anayemfahamu mama mkwe wangu, hiyo ni sawa na kumwambia jogoo asiwike. Lakini alifanya. Kila jioni naweka simu sauti kubwa, Bibi anahadithia mambo ya Kasulu, mbuzi wa jirani, harusi ya fulani, na kila swali likimjia unamsikia analimeza, "Sasa wewe je... aa, basi, tuendelee." Shani anasikiliza huku anakula. Mpaka jioni moja Bibi akakosea jina la mbuzi, na Shani akaitikia kutoka mezani, "Bibi, huyo si Matata, Matata alichinjwa!"

Bibi akakata simu. Alitupigia baadaye, akasema alikuwa anasujudu.

Tukarudi chumbani na nguvu mpya. Dokta akasema sasa aingie mtoto mwenzake, na Shani mwenyewe akachagua kwa kidole: Jeni. Huyu Jeni ni wa familia ya wakulima, wazazi wake asili yao ni ng'ambo ya mpaka, baba yake anauza ndizi na maharage soko la Mabamba. Kwao wanaongea Kirundi, kwetu Kiha, kwa hiyo wale wawili wanaelewana kama ndugu. Jeni kila siku alikuwa ndiye anayemsemea Shani darasani bila kutumwa na mtu. Alipoingia kwenye mdako, hawakumaliza hata mzunguko mmoja. Walianza kugombana nani kaangusha kokoto, wakasahau kama sisi tupo. Wiki zilizofuata wakaingia wengine wawili, kisha watatu, chumba kikawa kinanuka jasho na kelele.

Upimaji ulipofika, mkuu wa shule aliruhusu Shani asomee kwenye kile chumba, yeye na Mwalimu Evodia peke yao. Mimi nilikuwa barazani nimeshika ule ungo wa maharage, nachambua nisichokiona. Nikasikia sauti yake inatoka dirishani, ndogo, inatetemeka mwanzoni, inafuata maneno moja baada ya lingine, inafika nukta, inapumzika, inaendelea. Alisoma yote. Mwalimu alipotoka nje alinishika tu mabega na kichwa chake akakiweka hapo.

Siku ile sikumeza. Vigelegele nilivipiga nilipofika kwangu, majirani wakadhani nimeozesha.

Sasa nimalizie na ya mwezi uliopita. Shani yuko darasa la tatu, na mwalimu wake amepanda nao tangu la kwanza. Nipo kwenye cherehani, simu ikaita, Mwalimu Evodia. Sauti nzito.

"Mama Shani, fika shuleni. Kuna tatizo la mtoto wako."

Nilitoka mbio, utepe wa kupimia ungali shingoni, pini nimeshika kwa midomo. Njia nzima naomba Mungu. Nikajua limerudi.

Nikafika ofisini. Mwalimu kakunja uso, mikono juu ya meza.

"Mama, huyu mtoto anaongea darasani. Nimemhamisha dawati mara mbili. Nilimkalisha na Jeni, wanaongea. Nikamkalisha nyuma, akawageuza wa nyuma wote. Leo nimemweka na yule kijana mkimya kuliko wote darasani. Mama, wamepiga stori mpaka kengele! Hisabati hatujafika popote. Nifanye nini?"

Nikataka kusema samahani. Pini ikaanguka. Nikamwangalia, akaniangalia, na ule uso wake wa ukali ukaanza kupasuka kuanzia kwenye midomo. Tulicheka mpaka mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Tulicheka huku machozi yanatudondokea kwenye madaftari ya watu.

Na dirishani, mbele ya shule nzima iliyokuwa uwanjani, mtuhumiwa kasimama kashika kiuno, anapaza sauti:

"Mama! Usimsikilize mwalimu! Sikuanza mimi!"

Wakuu, niliyojifunza ni haya.

Mtoto asiyeongea usimdai maneno. Mpe muda, mpe mtu anayemwamini, msogezee hofu yake kidogo kidogo mpaka aizoee. Fimbo ingemfungia zaidi mwanangu.

Mtaalamu akiwa mbali si mwisho wa dunia. Huyu dokta hatujawahi kumgusa mkono mpaka leo, ila ametukalia shuleni kuliko wageni wengi wanaokuja na magari. Na kilichosaidia si skrini peke yake. Ni skrini, na mwalimu mwenye ungo, na nesi, na bibi aliyekubali kumeza maswali. Kimoja kikitoka hapo sidhani kama tungefika.

Mimi si mtaalamu, kila mtoto ana lake. Wa kwako akiwa hivi, anza na mwalimu wake na zahanati ya jirani, ulizia kama huduma ya namna hii imefika kwenu. Ikiwa haijafika, ulizeni kwenye mikutano ya shule mpaka wachoke na nyie.

Yule mdau wa juzi, kama unasoma, niambie mwanao ana umri gani na anapenda mchezo gani. Walimu mliomo humu, mnao watoto wa hivi madarasani? Mnawafanyaje? Na aliyewahi kuwa mtoto wa hivyo, sasa ni mtu mzima, naomba sana utusimulie ulikuwa unataka tukufanyie nini. Matusi na utani vyote nitasoma, majibu nitatoa kadri wateja watakavyoniruhusu.

Kwa sasa naiachia simu. Shani kasimama hapa ananidai, anataka kumpigia bibi yake Kasulu, na hao wawili wakianza, bando langu naliaga.